Kutapika kwa mjamzito si deko, kliniki isisubiri tumbo lionekane

Kuna kauli ambayo wajawazito wengi wa Bukoba na Muleba huambiwa wakilalamika kwamba chakula hakikai tumboni: "Mimba ndivyo zilivyo, vumilia." Huisikia kwa mama mkwe, kwa wifi, kwa jirani, na wakati mwingine hata kwa mhudumu wa afya. Wiki hii, msomaji, naipinga kauli hiyo, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu yake inaweza kuua.

Nusu ya kweli ni hii. Takribani wajawazito saba kati ya 10 hupata kichefuchefu au kutapika. Hali hiyo huanza kati ya wiki ya nne na ya sita tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huwa kali zaidi karibu na wiki ya tisa, na kwa walio wengi huisha kabla ya wiki ya 20. Wengi hudhani ni jambo la asubuhi tu, kumbe linaweza kumshika mama kutwa nzima.

Nusu ya hatari inawahusu wachache, wasiozidi watatu kati ya 100, ambao hutapika hadi mwili unaishiwa maji na uzito unashuka. Kumwambia mama wa namna hiyo avumilie ni kumwacha ateketee kwa njaa na kiu huku sufuria ya ndizi na maharage iko mbele yake.

Tuelewane pia kuhusu chanzo. Desemba 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa wingi kwa mtoto aliye tumboni na kondo la nyuma, huingia katika damu ya mama na kuamsha sehemu ya ubongo inayosababisha kutapika. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na homoni hiyo kidogo huumia zaidi. Kwa hiyo si deko, si uvivu, wala si dalili kwamba amemchoka mumewe kwa kuwa hataki harufu yake. Desemba 2012 Catherine, mke wa Mwanamfalme William wa Uingereza, alilazwa hospitali kwa tatizo hilihili. Homoni haichagui kati ya jumba la kifalme na nyumba ya migombani.

Sasa tazama hesabu ya wiki. Wanawake wengi hawapendi kuitangaza mimba changa, husubiri tumbo lionekane ndipo waende kliniki. Lakini tumbo linapoonekana, kipindi kigumu cha kutapika kimeshapita. Maana yake mama huumwa peke yake wakati anaohitaji msaada, kisha huanza kliniki akiwa amepata nafuu. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Maoni yangu ni kwamba kichefuchefu kiwe kengele ya kwenda zahanati, hata kama hujamwambia mtu mwingine.

Kwa Kagera sababu ya kuwahi ni kubwa zaidi, kwani malaria nayo hutapisha. Muleba imesumbuliwa na malaria kiasi kwamba majaribio makubwa ya vyandarua yalifanyika huko na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018. Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni kusema "ni mimba tu" kumbe ni malaria. La pili ni kumeza dawa za malaria bila kupimwa kumbe ni mimba. Kipimo cha haraka huchukua dakika chache. Pima, na useme una mimba ya wiki ngapi, maana dawa huchaguliwa kwa kuangalia umri wa mimba.

Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi nao wanisikilize. Mkoa huu unajua gharama ya ugonjwa huo tangu wagonjwa wa kwanza nchini walipotambuliwa Kagera mwaka 1983. Ukizitapika dawa, usiache na usinyamaze. Rudi kituoni upewe utaratibu. Vidonge vya kuongeza damu vikikuchefua, jaribu kuvinywa usiku baada ya chakula, na ukishindwa mweleze muuguzi badala ya kuvificha kabatini.

Nyumbani ufanye nini?

Kula kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, maana tumbo tupu huongeza kichefuchefu. Kabla ya kuinuka kitandani tafuna kitu kikavu, kama mkate au kipande cha kiazi kilichochemshwa. Chakula kilichopoa hakina harufu kali kama cha moto. Kama dagaa wanakuchefua, mwingine awapike. Kunywa maji kwa mafunda madogo kati ya mlo na mlo. Chai ya tangawizi husaidia wengi, na vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku kwa ushauri wa mtoa huduma, ni nafuu na salama. Isiposaidia, daktari ana dawa nyingine.

Punguza kahawa, iwe ya kunywa au ya kutafuna. Rubisi si dawa. Udongo wa kula nao hupunguza madini ya chuma mwilini na unaweza kuwa na risasi au mayai ya minyoo.

Hofu ya dawa ina historia. Thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957 na kuondolewa 1961, ilitumiwa kwa kichefuchefu cha mimba na zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na ulemavu. Funzo lake ni kutojichukulia dawa dukani, si kukataa tiba iliyothibitishwa.

Usingoje, kimbia kituoni

Nenda siku hiyohiyo kama hata maji hayakai kwa saa 24, kama mkojo ni mweusi kama chai ya rangi au hujakojoa kwa saa nane, kama unazimia, una homa, maumivu ya tumbo, au unatapika damu. Mwenye kilo 60 akipoteza kilo tatu, hilo si la kuvumilia. Kutapika sana pamoja na kutokwa damu ukeni kunaweza kuwa mimba zabibu. Kutapika baada ya wiki ya 20 pamoja na kichwa kuuma na macho kuona ukungu kunaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba.

Usiombe dripu ya glukosi dukani. Aliyetapika kwa wiki kadhaa hupungukiwa vitamini B1, na glukosi bila vitamini hiyo inaweza kudhuru ubongo. Hospitalini atapewa kwanza maji ya chumvi na vitamini hiyo.

Baba, kazi yako ni kuhesabu: leo amekunywa vikombe vingapi, amekojoa mara ngapi? Na kama mnaishi Goziba, Bumbire au Ikuza, fanyeni hesabu hiyo mapema zaidi, kwa sababu ziwa likichafuka mtumbwi hautoki. Weka nauli pembeni tangu wiki ya kwanza ya kutapika, na jua ni nani mwenye injini.

Nanyi wauguzi wenzangu, mama akisema anatapika, msimjibu "vumilia". Mwulizeni kama maji yanakaa, mpimeni uzito, mkojo na malaria. Hayo yanaweza kufanyika hata katika zahanati ya kijiji.