Dada Staa, Begi Lako Halijajaa Hewa, Limejaa Nguo!

Kuna klipu inazunguka Insta na kwenye magrupu ya WhatsApp, ya mdada mmoja maarufu hapa mjini. Jina lake linahifadhiwa, maana mashabiki wake hasira zao ziko karibu. Kwenye klipu yupo chumbani kwake Dar, anajiandaa kwenda kula bata Bagamoyo. Wikiendi tu, usiku mbili.

Pembeni yake kuna vile vimifuko vya plastiki vya kufunga kwa zipu, vinavyoonyesha ndani, vingi kinoma. Anaviringisha gauni, analiingiza, anakikalia kimfuko hewa itoke, anafunga. Gauni la pili. La tatu. Watu wenye bando la kuchezea wamehesabu wakafika thelathini na kitu.

Mwisho anafunga begi, anaitazama kamera, anawaambia wale wanaosafiri na mabegi ya shangazi kaja na makapu wabadilike, dunia imeshahama.

Hapo ndipo povu lilipoanza.

Upande mmoja ni wale wa "dada umetisha, umetufungua macho". Upande wa pili ni wale wa "huyu akamatwe, plastiki si ilipigwa marufuku?" Watu wa Bagamoyo wenyewe, hasa wa Dunda kule Mji Mkongwe, walichelewa kuingia, ila walipoingia waliingia na moto.

Ukiweka ushabiki pembeni, kila upande una hoja yake, na kila upande kuna mahali umeteleza.

KIMFUKO CHENYEWE KINA KAZI

Tuanze na haki ya dada. Ujanja wake sio uongo. Nguo ikikunjwa inabeba hewa nyingi katikati. Ukiitoa hewa ile na kufunga isirudi, nguo inabaki nyembamba kama chapati. Sweta, taulo, hudi na vitu vya manyoya vinapungua sana.

Wala sio elimu mpya. Kila aliyewahi kusimama Karume robota la mitumba likifunguliwa anajua. Lile robota limebanwa na mashine mpaka limekuwa gumu kama tofali. Kata kamba tu, nguo zinavimba, na hata mje watu wanne hamzirudishi zilivyokuwa. Na bibi zetu walikuwa wakitandaza kanga, wanapanga nguo, wanavuta ncha nne na kukaza fundo. Furushi lile nalo lilikuwa linatoa hewa, bila video.

Kimfuko cha zipu kina faida nyingine ambayo kwa watu wa pwani ni kubwa kuliko nafasi. Kinazuia maji. Ukipanda mashua, wimbi moja linatosha kuua simu na kulowesha pasi ya kusafiria. Mafuta ya nazi nayo, kwa joto letu yanayeyuka muda wote, na kifuniko kikilegea kidogo basi begi zima linanukia nazi mpaka unaporudi. Vikiwa ndani ya kimfuko, hasara inaishia humo humo.

Kwenye ndege ndio kabisa. Tangu mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuzima njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, viwanja vingi duniani viliweka utaratibu kwamba losheni, pafyumu na dawa ya meno unazoingia nazo ndani ya ndege kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa kuonyesha ndani, wa lita 1, unaofungika. Msafiri wa safari za nje hapo hana ubishi, kimfuko anakihitaji.

ILA KUNA MITEGO AMBAYO DADA HAKUISEMA

Wa kwanza ni uzito. Hewa haina kilo za kukutisha, kilo ni za nguo. Ukitoa hewa ukapata nafasi, unaijaza nguo nyingine, begi linabaki dogo ila zito kama la saruji. Vile vindege vidogo vya kwenda mbugani na visiwani, mashirika mengi yanakupa kilo 15 na begi laini. Mzani hauulizi kama umetoa hewa au hujatoa. Wengi wanaumbukia pale kaunta, wanafungua begi mbele ya watu, jinzi mbili zinavaliwa juu ya nyingine.

Wa pili ni unyevu. Bagamoyo sio Njombe. Hewa ya bahari imejaa maji na chumvi. Nguo ambayo haijakauka vizuri ukiifungia kwenye plastiki asubuhi, jioni inanuka, na ukiisahau siku mbili tatu inaota kuvu. Nguo ya kuogelea ifungie humo ukiwa njiani tu, isije ikavujia zingine, na ukifika nyumbani ndio iwe kitu cha kwanza kutoa na kuanika.

Wa tatu ni kurudi. Siku ya kwenda umekunja kwa utulivu, mziki unapiga. Siku ya kurudi umechoka, mchanga umejaa kila kona, umenunua kinyago na mchoro, na gari linaondoka. Begi lililofunga kwa kukaliwa wakati wa kwenda, wakati wa kurudi halifungi. Halafu ndio unaona watu stendi ya Bagamoyo wameshika mizigo mikononi kama wamehamishwa.

SHERIA NAYO IPO, TUSIJIFANYE HATUIJUI

Wale wa "akamatwe" nao wasikilizwe. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyozoea kuiita Rambo. Zanzibar walishaanza mwaka 2006, Rwanda 2008, na Kenya 28 Agosti 2017, tena kwa ukali wa faini mpaka shilingi milioni 4 za kwao au jela mpaka miaka 4. Kwetu, ukikutwa nao tu unatumia, faini inaanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote.

Lakini tusimfunge dada bure. Serikali ilipowatangazia wasafiri Mei 2019 kwamba viwanja vya ndege vitakuwa na dawati la kusalimisha mifuko, vimifuko vya zipu vya kuwekea vitu vya kuogea na kujipamba viliruhusiwa. Na sababu ilitajwa: ilitarajiwa mgeni atabaki navyo na kuondoka navyo, sio kuvitupa nchini.

Hiyo sababu ndiyo ya kushika. Kimfuko hakikusamehewa kwa kuwa ni cha watu wa ndege. Kilisamehewa kwa kuwa mwenyewe anakaa nacho. Siku unayokitupa, msamaha nao umeutupa. Plastiki ya kimfuko cha staa haiozi haraka kuliko ya Rambo ya mama wa genge. Na wajanja walishajaribu mlango wa nyuma, wakaanza kugeuza vile vifungashio laini vya karanga na ubuyu kuwa vibebeo, mpaka NEMC mwaka 2021 ikarudi kuvibana.

Halafu kuna kusafisha. Kimfuko kizuri kinaoshwa kwa sabuni, kinageuzwa ndani nje, kinaanikwa kwenye kamba pamoja na soksi, na safari ijayo kinaenda tena. Vitano sita vinamtosha mtu mwaka mzima. Kimoja cha chaja na waya, kimoja cha nyaraka, kimoja cha vipodozi, viwili vya nguo za ndani, kimoja cha kitu kilicholowa. Thelathini kwa usiku mbili, hapo hatuongelei nafasi tena.

KILICHOWAUDHI WATU WA DUNDA

Kuna klipu ya pili, fupi, ambayo mashabiki wake hawaisambazi. Dada yupo ufukweni Dunda, karibu na soko la samaki, anapiga picha. Kila akibadilisha gauni anatoa kimfuko, anakifungua, anakiacha chini. Upepo wa kusi huo. Kimoja kinaruka, cha pili kinafuata, vinaelekea majini. Anacheka, anasema "ona vinavyokimbia", anageukia kamera.

Nyuma anaonekana mzee mmoja anayeshona nyavu. Anasimama, anaingia maji ya magoti, anakirudisha kimoja. Anakuja nacho mkononi kinatiririka maji.

"Binti, kitu chako hiki."

"Aa, shikamoo baba. Kiache tu, ninavyo vingi."

"Marahaba. Wewe unavyo vingi. Bahari tunayo hii hii moja."

Klipu inaishia hapo.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama anayeuza samaki wa kukaanga pale sokoni. Mwaka 2019 aliambiwa abadilike, na alibadilika. Mteja akaambiwa aje na kikapu au ndoo yake. Mwingine aliondoka bila kununua kwa sababu hana cha kubebea. Shilingi 30,000 kwake ni mtaji, sio pesa ya kucha. Hasara ya kubadilika ameibeba yeye, wala hakupewa maua. Leo anakuja mtu mwenye wafuasi kibao, anamwaga plastiki mbele ya meza yake, halafu anamwambia mwenye kikapu ndiye amepitwa na wakati.

Kikapu kile kile ambacho sheria ilimtaka akibebe!

Hapa ndipo dada alipoharibu. Ana haki ya kupanga begi lake anavyotaka. Hana haki ya kumcheka mtu aliyetii.

TATIZO SIO NAFASI

Na tuseme ukweli mchungu kidogo. Kutoka Dar mpaka Bagamoyo ni kilomita kama 70. Kuna watu wanaenda asubuhi na kurudi jioni kikazi, na begi la mgongoni tu. Usiku mbili, magauni thelathini, maana yake kila ukiwa macho kwa saa moja hivi una gauni jipya. Hakuna binadamu anayevaa hivyo. Kamera ndiyo inavaa hivyo.

Mastaa nao wana presha zao, hilo lieleweke. Akirudia gauni picha mbili, kuna mtu anakaa anaweka picha hizo pembeni kwa pembeni na kuandika "kafulia". Wanaoandika hivyo ni sisi sisi tunaosoma hapa. Kwa hiyo begi lile la dada, nusu ya uzito wake wamelijaza wafuasi.

Ila yeye ana sauti, na mwenye sauti anafuatwa. Baada ya ile klipu kuna wadada wameenda Kariakoo kutafuta vimifuko, wengine wanakopa magauni kwa mashosti ili begi lijae. Yaani mtu ananunua kitu cha kupunguza mzigo, halafu anatafuta mzigo wa kukitumia.

Ushauri kwa anayesafiri wikiendi hii ni mwepesi. Tandaza nguo zote kitandani kwanza. Jiulize kila moja utaivaa siku gani na saa ngapi. Isiyo na jibu irudi kabatini. Chukua kanga mbili, maana kanga pwani ni taulo, ni shuka, ni mtandio, ni nguo ya jioni. Viatu jozi mbili, moja miguuni. Zilizobaki ziviringishe, usizikunje. Kama bado begi halifungi, hapo sasa ndio uite kimfuko, na ukirudi kiwe bado unacho.

Na dada mwenyewe, kama anasoma, hajachelewa. Aweke klipu nyingine: gauni lile lile siku mbili, begi la mgongoni, vimifuko vyake vitano vimeanikwa kambani. Itatembea kuliko ile ya kwanza. Na akipita tena Dunda, amtafute mzee wa nyavu amwamkie vizuri.

Kwenye komenti zote zile, moja imewagusa wengi. Binti mmoja wa Mapinga aliandika, bila utani: "Dada samahani, mimi nina magauni manne tu, nahitaji vimifuko vingapi?" Dada hakujibu. Aliyemjibu ni mama mmoja wa Dunda, mwenye picha ya ua kwenye akaunti yake:

"Hata kimoja mwanangu. Yafunge kwenye kanga uje, huku hakuna anayehesabu."

Wewe una timu gani, ya vimifuko au ya kikapu? Na ukisafiri siku mbili unabeba nguo ngapi, kweli kweli? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.