Je, Utatoka Mchezo Mkubwa wa Linux Peke Yake?

Muhula huu katika chama chetu cha kompyuta kumekuwa na mabishano makali. Mashine zetu zimekwisha zeeka. Windows 10 iliyomo ndani yake ilifikia mwisho wa kutunzwa na Microsoft kwa kawaida mwezi wa Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali kuingia katika mashine kuukuu namna hii. Basi wengine twasema tuweke Linux, maana haina bei, na huendesha hata mashine za zamani. Wenzetu wanakataa. Wasema, "Ngojeni kwanza utoke mchezo mmoja mkubwa wa Linux peke yake, ndipo watu watakapohamia."

Mimi naona ya kuwa mchezo huo hautatoka, wala si jambo la kusikitikia.

Tazameni soko letu la Mpondwe. Mwenye samaki hawauzii watu wa Bwera tu na kuwafukuza wanaovuka kutoka Kasindi. Apokea shilingi, apokea na faranga. Mchezo mkubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na gharama yake hairudi bila wanunuzi wengi sana. Katika Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, wenye Linux hawafiki kumi katika kila mia. Nani atawafungia mlango tisini na zaidi ili awauzie hao wachache?

Mtu ataniuliza, "Mbona Nintendo huifunga michezo yake katika mitambo yake?" Ni swali zuri. Nintendo ndiye mwenye lango: akikosa wanunuzi wa mchezo, apata wanunuzi wa mtambo. Tena mchezo wa Halo ulionyeshwa mwaka 1999 katika mkutano wa watu wa kompyuta za Mac. Mwaka 2000 Microsoft wakainunua kampuni ya Bungie iliyoutunga, na mwaka 2001 ukatoka kwa mtambo wao wa Xbox. Wenye Mac wakangoja mpaka 2003. Kufunga lango kwataka mwenye lango, tena mwenye fedha. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, haina mwenye lango. Sharti lake ni kwamba kila mtu aruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuigawa.

Hata SuperTuxKart, mchezo wa mbio ambao shujaa wake ni Tux, yule pengwini aliye alama ya Linux, wapatikana katika Windows na katika simu za Android. Na Valve, waliotoa mwaka 2022 mtambo wa mkononi wa Steam Deck unaotumia Linux, waliitoa Counter-Strike 2 mwaka 2023 kwa Windows na Linux pamoja. Badala ya kufunga, tangu 2018 wametoa Proton, programu iliyo kama mkalimani: mchezo wasema lugha ya Windows, nayo yafasiri kwa Linux. Maelfu ya michezo yachezeka hivyo. Ni kweli kwamba baadhi bado hukataa, hasa ile ya kushindana mtandaoni. Lakini sisi watu wa mpakani twajua kwamba mkalimani hufungua biashara kuliko ukuta.

Tena tusitake kuwa wachezaji tu. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu kumnunulia kompyuta, naye akajifundisha mpaka akatunga mchezo wa amani uitwao Salaam. Hakungoja mchezo mkubwa wa mtu mwingine. Leo programu ya Godot ya kutungia michezo, na Blender ya kuchorea, hupatikana bure, na zote mbili huendeshwa na Linux.

Basi wana chama, tuiweke Linux muhula huu, tusiketi tukingoja. Nanyi mliokwisha maliza shuleni hapa, yeyote mwenye ujuzi huu na aje Jumamosi moja atufundishe. Mashine zipo; mwalimu ndiye aliyepungua.