Tusimwachie mkulima bua

Kila tunapojadili tumbaku tumezoea kumzungumzia mvutaji na mapafu yake, tukamsahau mkulima na shamba lake. Anayesafiri kutoka Busia kwenda Malaba hupita katika maeneo ya Wateso, ambako kwa miaka mingi jani hilo limelipa karo na kuezeka nyumba. Lakini majani yakishavunwa, kukaushwa na kuuzwa, mabua hubaki shambani, na vumbi na vipande vya majani hubaki mabandani. Taka hizo, kwa maoni yangu, ni suala ambalo walimu na wanafunzi wa eneo hili hawapaswi kulifumbia macho.

Nikotini ni sumu. Jani kavu la tumbaku kwa kawaida huwa na nikotini ya asilimia 1 hadi 3. Yaani kilo moja huweza kubeba gramu 10 hadi 30. Sumu hiyo huyeyuka majini na kupenya ngozi. Ndiyo maana mtoto anayevuna majani yenye umande huweza kushikwa na kizunguzungu na kutapika. Taka zikirundikwa wazi, mvua huzikamua, na maji hufuata mteremko. Mto Sio humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, na mto Malaba huingia Uganda. Sumu haisimami mpakani kuonyesha pasipoti.

Hata hivyo, wako bakteria ambao kwao nikotini ni chakula. Mmoja wao ni Arthrobacter nicotinovorans. Mwingine, Pseudomonas putida wa aina ya S16, alipatikana katika udongo wa shamba la tumbaku huko Shandong, China. Bakteria hao hutumia vimeng'enya kuivunja molekuli ya nikotini hatua kwa hatua, na humo hujipatia kaboni, naitrojeni na nguvu. Mwaka 2013 watafiti wa China walichapisha maelezo ya jinsi S16 anavyofanya kazi hiyo.

Lililonivutia zaidi ni mahali alipopatikana: si katika maabara ya kifahari, bali katika shamba lililolimwa tumbaku mfululizo. Basi ipo sababu nzuri ya kuwatafuta jamaa zake katika udongo wa Amukura na Angurai.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kung'oa tumbaku, basi. Siwapingi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inataka mkulima asaidiwe kupata njia nyingine ya riziki, nami naunga mkono. Lakini kuacha kulima leo hakuondoi taka zilizorundikana jana. Aidha, bakteria si waganga wa miujiza: wanahitaji unyevu, hewa na joto la kadiri, na mboji itokanayo na taka hizo haifai kumwagwa kwenye sukuma kabla ya kupimwa. Wala wasifanywe kisingizio cha kuendeleza kilimo hiki.

Tufanyeje, basi? Kati ya miji hii miwili ipo Alupe, yenye kituo cha utafiti wa kilimo na chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2022. Napendekeza wataalamu wa huko washirikiane na walimu wa sayansi wa shule za upili: wakusanye udongo, wawatenge bakteria, wapime nikotini kabla na baada. Mwanafunzi atakayeona sumu ya shamba la babake ikipungua siku baada ya siku hatahitaji kukaririshwa maana ya kimeng'enya.

Na gharama? Zibebwe na kampuni zinazonunua majani. Si haki aliyefaidi jani amwachie mkulima bua na sumu yake.