Kabla Hatujanunua Gari la Mtumba

Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa uchumi wa nyumbani, tuzungumze juu ya gari dogo lililotumika. Siku hizi familia nyingi za kipato cha kawaida zinaweza kulipata. Baba anasema, "Tumeteseka vya kutosha na daladala, sasa tununue kagari ketu." Watoto wanashangilia. Na sisi akina mama, je, tushangilie tu, au tuulize maswali?

Bwana Yesu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Huyo huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na watu. Gari nalo ni mnara. Bei tunayomlipa muuzaji ni msingi tu.

Kwanza, tusidanganywe na namba. Hapa Tanzania watu husifia gari kwa kusema, "Hili ni namba D," au "namba E." Herufi hiyo inaonyesha lini gari lilisajiliwa nchini, haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2002 lililoingia nchini mwaka 2018 lina namba D, lakini mifupa yake ni ya 2002. Tusome mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari, kisha tulinganishe namba ya chesesi na ya injini zilizo kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe.

Pili, kilomita za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Ikiwa gari linaonyesha kilomita 70,000, lakini raba ya pedali ya breki imelika, usukani umekuwa laini kama kioo na kiti cha dereva kimebonyea, tuamini pedali kuliko dashibodi.

Tatu, tulikague asubuhi injini ikiwa ya baridi. Muuzaji mjanja huliwasha mapema ili lisionyeshe ugonjwa wake. Gusa boneti kabla halijawashwa. Likiwa la moto, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando wenye rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yamechanganyika na oili, na hiyo ni kazi kubwa ya kufungua injini. Tazama moshi pia. Moshi wa bluu maana yake injini inaunguza oili. Moshi mweupe usiokwisha hata baada ya injini kupata moto ni dalili ya maji kuingia mahali pasipo pake. Mwite fundi wako unayemwamini, umlipe mwenyewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni shahidi wa muuzaji.

Sasa, gari gani? Toyota Starlet iliwasaidia wengi kwa miaka mingi. Ilikoma kutengenezwa mwaka 1999, na nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Faida ya magari haya ni kwamba mafundi wengi wanayajua, na spea zake si za kutafuta kwa tochi. Lakini hata ndugu hawa wawili wana tofauti. Injini ya Starlet ya miaka ya 1990 hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Mkanda ukikatika, gari linazima hapo hapo barabarani, na katika baadhi ya injini valvu hugongana na pistoni. Kama muuzaji hana hakika ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Vitz za mwanzo zina cheni badala ya mkanda. Cheni hudumu zaidi, lakini inataka oili safi. Ukiichelewesha oili, cheni nayo hulika na kuanza kupiga kelele.

Hata tairi lina siku yake ya kuzaliwa. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne. Ukisoma 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama kashata bado zinaonekana, na tairi kuukuu linaweza kupasuka njiani watoto wakiwa ndani. Tusinunue usalama wa watoto kwa macho.

Baada ya hapo tuchukue daftari. Tuseme gari litatembea kilomita 30 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 750. Kama lita 1 inakwenda kilomita 12 katika foleni za mjini, tunahitaji lita 62 na nusu kila mwezi. Zidisha kwa bei ya petroli inayotangazwa na EWURA kila mwezi, upate jibu lako. Kwa mwaka ni kilomita 9,000, yaani kumwaga oili karibu mara mbili ikiwa tunabadilisha kila kilomita 5,000. Ongeza bima, pedi za breki, bushi, shokapu, betri, tairi, maegesho na kuosha. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, lakini mzigo wake ulihamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo bado tunaulipa kidogo kidogo kituoni.

Halafu kuna fungu ambalo wengi hulisahau, la matengenezo ya ghafla. Gari la miaka 20 halitoi taarifa. Kila mwezi tuweke akiba yake mbali na pesa ya chakula, hata kama halijaharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maji ya radieta yaliyopungua, ukiyapuuza, hukuletea injini iliyochemka. Na kwenye radieta tutumie kuulanti, kwa sababu maji ya bomba huleta kutu ndani.

Mpenzi msomaji, jambo zito ni hili. Tumeona nyumba ambazo mkopo wa VICOBA ulinunua gari, kisha ada ya shule ikanunua giaboksi. Gari limekaa uani juu ya mawe, marejesho yanaendelea kila wiki, na mtoto amekaa nyumbani. Wahusika wala hawakuwa wabadhirifu. Walihesabu bei, hawakuhesabu gharama. Kama mapato yakishatolewa ada, chakula, sadaka na marejesho hayabakizi fungu la gari, kusubiri mwaka mmoja si aibu. Daladala halijawahi kumzuia mtu kufika mbinguni.

Mazungumzo haya tuyafanye na waume zetu kwa upole, daftari likiwa mezani. Tusingoje gari lifike mlangoni ndipo tuanze kulaumu. Tukikubaliana kununua, mama naye ajue kadi ilipo, imeandikwa jina la nani, na bima inakwisha lini. Kabla ya kulipa, tuhakikishe gari halidaiwi faini za barabarani wala halijawekwa rehani, tuandikiane mkataba mbele ya mashahidi, na tubadilishe umiliki TRA bila kuchelewa. Wajane wengi wamehangaika kwa sababu gari la marehemu lilikuwa bado na jina la mtu aliyeliuza miaka mingi nyuma.

Gari dogo lililotunzwa ni baraka. Linampeleka mgonjwa hospitali usiku, na linawabeba bibi na wajukuu kwenda kanisani mvua ikinyesha. Tuombe hekima, tuhesabu, ndipo tununue. Bwana azibariki nyumba zenu.