Masikini naye azikwe kwa heshima



Kwetu mutu akikufa, majirani wanaletaka michango ku kilio: mumoja makala, mwingine unga, mwingine feza ya sanduku. Ni desturi nzuri. Lakini pahali majirani wote ni masikini, mchango utatoka wapi? Ndiyo sababu tunasema: serkali nayo itie mkono.

Tuangalie Uingereza. Mwaka 1949 serkali yake ilianza kutoa pauni 20 kwa mazishi. Mwaka 1967 zikakuwa 30. Bei ya mazishi ilipanda, lakini pauni zile zilibaki 30 tu, mpaka msaada ukaondolewa mwaka 1987. Wakaweka mwingine, wa watu wenye mapato madogo. Huo unalipa kaburi ao kuchoma maiti. Kwa vitu vingine, kama sanduku, mpaka ulikuwa pauni 700 tangu mwaka 2003, na ni mwaka 2020 tu ulifika 1.000. Miaka 17! Jamaa ya marehemu ndiyo ilijaza pengo, mara nyingi kwa deni.

Hapa tunapata fundisho. Msaada ukiandikwa katika sheria, na bei ya mbao ikipanda kuuacha nyuma, unabaki jina tu. Kwa hiyo, serkali yetu ikiweka siku moja msaada kama huu kwa masikini wote, feza ipimwe kila mwaka kwa bei ya sanduku ku soko. Mjane akirudia toka makaburini, asikute deni inamungojea ku mlango.

Ninyi munasema nini?