Jina Moja Juu ya Jalada

Wapo wasemao, hata miongoni mwetu sisi walimu, kwamba elimu ya Darwin juu ya mageuko ya viumbe ilitoka katika kichwa cha mtu mmoja. Neno hilo si kweli, na kulifundisha ni kuwadhulumu watu.

Tazameni habari za ndege wake. Mwaka 1826, Darwin akiwa mwanafunzi mjini Edinburgh, alilipa ada afundishwe kuchuna ndege na kuzijaza ngozi zao zisiharibike. Mwalimu wake alikuwa mtu mweusi, John Edmonstone, aliyekuwa mtumwa huko Guyana kabla ya kupata uhuru. Mwaka 1835 Darwin akafika Visiwa vya Galapagos, akakusanya ndege. Lakini wengi hakuwaandikia walikotoka, kisiwa kwa kisiwa, wala hakutambua udugu wao. Aliyeutambua ni John Gould, huko London, Januari 1837: wale waliodhaniwa kuwa wa jamii mbalimbali, kumbe ni jamii moja ya chiriku. Na ili kujua visiwa vyao, Darwin alilazimika kutazama ndege waliokusanywa na nahodha FitzRoy, na hata na Syms Covington, mtumishi wake mwenyewe. Kisha Elizabeth, mkewe Gould, akazichora juu ya mawe ya kupigia chapa picha 50 za kitabu cha ndege wa safari ile.

Mtanijibu, “Lakini wengine walilipwa.” Naam, walilipwa. Ujira hulipa kazi, haununui jina. Mtasema tena, “Fikra ndiyo iliyo kubwa.” Sikatai, fikra ilikuwa yake Darwin, lakini fikra isiyo na ushahidi ni nyumba isiyo na nguzo, na nguzo hizo zilikatwa na mikono mingi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Darwin mwenyewe aliwataja Gould na mkewe katika dibaji ya kitabu kile. Bali katika habari za maisha yake alimsifu yule mwalimu wa Edinburgh kuwa mtu mwema mwenye akili, asiandike jina lake. Kosa hilo tusilirudie sisi.

Basi, walimu wenzangu, mtakapoandika jina la Darwin ubaoni, andikeni na ya wenziwe chini yake. Chaki haitakwisha kwa majina matano.