Ukinunua mashine ya kukata nyasi, fikiria masikio ya atakayeisukuma

MVUA ya masika ikishatua, nyasi hazingoji mtu. Wiki mbili tatu tu, na ua uliokuwa umenyolewa vizuri mwezi wa Februari huwa umegeuka kichaka ambamo mpira wa watoto unapotea na mama wa nyumba anaanza kuwaza nyoka. Hapo ndipo wengi wetu tunaoishi mijini, iwe ni Lang'ata, Syokimau, Nyali au Milimani kule Kisumu, huanza kuzungumzia mashine. Na siku hizi si ile ya petroli pekee. Madukani kuna mashine za kukata nyasi zinazotumia betri, na wauzaji wanazisifu kwamba hazitaki oili wala kuvutwa kamba.

Msomaji, najua utakaloliuliza kwanza dukani. Utauliza bei, na ukishatajiwa utaona kwamba ya betri mara nyingi ni ghali kuliko ya petroli yenye upana sawa, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei ni ya betri yenyewe. Kisha utauliza nguvu. Ni nadra sana mnunuzi kuuliza mashine hiyo itamfanyia nini yule atakayetembea nyuma yake. Waama, wengi hawaulizi kwa sababu wanajua si wao watakaoisukuma. Ni kijana wa kibarua anayepita Jumamosi asubuhi.

Mimi naonelea kwamba mwenye ua wa kadiri, anayeweza kumudu, anunue ya betri. Sisemi hivyo kwa sababu ya usasa. Nasema kwa sababu ya masikio na mapafu ya watu.

Tuanze na masikio. Mashine ya petroli inayosukumwa kwa mkono aghalabu hutoa kelele ya takriban desibeli 85 hadi 95 masikioni mwa anayeiendesha. Taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo ukatwe nusu. Piga hesabu mwenyewe. Desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja tu. Hapa kwetu, kanuni za mwaka 2005 za kuzuia kelele mahali pa kazi zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, kipimo ambacho kwa maoni yangu ni cha ukarimu kupita kiasi kwa upande wa kelele.

Utasema kwamba kijana wako hukata nyasi kwa nusu saa tu, tena mara moja kwa wiki. Ni kweli, kwako wewe. Lakini akitoka kwako anaingia kwa jirani, na mchana yuko mtaa wa pili, na Jumatatu ameitwa kanisani au kwenye shule ya chekechea. Masikio yake yanajumlisha kelele za nyua zote hizo. Chembe zile laini za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Dalili ya kwanza ni masikio kuvuma jioni. Baada ya miaka kadhaa mtu huanza kuongeza sauti ya redio, kisha anashindwa kufuata mazungumzo penye watu wengi, na jamaa wanamwona kama aliyeanza kuringa kwa kuwa haitikii akiitwa.

Mashine ya betri haiko kimya kabisa, kwani kisu chake bado kinapiga hewa na nyasi. Hata hivyo, kelele zake kwa kawaida ni ndogo kwa mbali. Kipimo rahisi ni hiki: simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako mashine ikiwaka. Ikiwalazimu kupaza sauti ili msikizane, kelele imezidi. Usibabaike ukikuta kibandiko cha mashine ya betri kimeandikwa desibeli 90 na ushei. Mara nyingi namba hiyo hupima nguvu ya sauti inayotoka kwenye mashine yenyewe, wala si ile inayofika sikioni, ambayo huwa chini yake.

Sasa mapafu. Injini ndogo ya petroli haina vichujio vya moshi kama vya gari la kisasa. Idara ya jimbo la California inayosimamia hali ya hewa, CARB, ilikadiria kwamba kutumia kwa saa moja mashine ya petroli ya kukata nyasi, ya aina inayonunuliwa zaidi na wafanyabiashara wa kazi hiyo, huchafua hewa kwa gesi za ukungu-moshi sawa na kuendesha gari dogo jipya maili 300 hivi. Hizo ni karibu kilomita 480, yaani kama kutoka Nairobi hadi Mombasa. Jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2021, na kuanzia injini za mwaka 2024 mashine mpya za aina hiyo zinazouzwa huko zinatakiwa zisitoe moshi kabisa. Sisi hatuna sheria kama hiyo, lakini mwenye pumu katika ploti ya nyuma hahitaji sheria ili akohoe. Moshi huo una kaboni monoksidi, na petroli yenyewe ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani. Anayeivuta zaidi ni aliye hatua mbili nyuma ya injini.

Kuna jambo jingine la petroli ambalo halisemwi dukani. Mafuta hayo lazima yakae mahali, na katika nyumba nyingi hukaa kwenye chupa ya soda nyuma ya mlango wa stoo. Madaktari wa watoto nchini wanajua vyema visa vya watoto kunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa za vinywaji. Petroli ni hatari vivyo hivyo. (Iwapo litatokea, usimlazimishe mtoto kutapika, kwa sababu mafuta yakipanda hupenya mapafuni. Mkimbize hospitalini.) Ukiwa na mashine ya betri, chupa hiyo haina sababu ya kuwepo.

Basi uchague ipi? Anza na ua wako, si na mashine. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita mraba 464, na ukiondoa nyumba, mahali pa gari na kamba ya kuanikia nguo, nyasi zinazobaki huenda zisifike 200. Hapo mashine yenye upana wa sentimita 33 hadi 38 inatosha kabisa, nayo ni nyepesi kuinua kwenye ngazi. Mwenye nusu ekari ndiye atafute ya sentimita 42 au 46. Na kama nyasi zako ni kipande cha kutandika mikeka mitatu, weka pesa zako. Fyekeo lililonolewa, au ile mashine ya kusukuma isiyo na injini, itakufaa, na utakuwa umefanya mazoezi ambayo daktari amekuwa akikuhimiza ufanye. Roboti zinazokata nyasi zenyewe zipo pia, ila katika ua wenye watoto wanaotambaa na paka wanaolala juani, mimi ningezipita.

Kwenye betri usidanganywe na volti peke yake. Namba mbili ndizo huzaa kazi: volti, na ampea-saa, ambazo huandikwa Ah. Zizidishe. Betri ya volti 40 na Ah 4 ina wati-saa 160 kwenye karatasi, lakini ile 40 ni kilele cha betri iliyojaa tu. Ikifanya kazi huwa volti 36, kwa hivyo unachopata ni 144. Mwenye kukuuzia betri ya Ah 2 kwa bei nafuu amekuuzia nusu ya hiyo. Kuijaza hata kubwa ya Ah 5 kunakula kama moja kwa tano ya yuniti ya stima, kwa hiyo tokeni zako hazitishwi.

Makadirio ya eneo yaliyoandikwa kwenye sanduku hutokana na nyasi fupi na kavu. Nyasi zetu za kikuyu, ambazo zimepewa jina la watu wa nyanda hizi na sasa zimeenea hadi Australia na Afrika Kusini, si za namna hiyo. Zinatambaa, zinafumana kama mkeka, na zikiachwa mwezi mzima msimu wa mvua hata mashine ya petroli hulia. Kwa hivyo chagua mashine ambayo kimo cha kukatia kinaweza kupandishwa hadi sentimita 7 au zaidi, ukate mara kwa mara, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo. Mota isiyotumia brashi inastahimili kazi hiyo vizuri zaidi. Chukua betri mbili ukiweza. Stima nayo tunaijua: mnamo Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Jaza betri jioni ya kuamkia siku ya kazi, usingoje asubuhi.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu jambo ambalo muuzaji hatakutajia. Betri inaondoa moshi na kupunguza kelele, lakini haipunguzi makali ya kisu. Kisu cha sentimita 40 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake huenda zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Kokoto au kipande cha waya kikinaswa na mwendo huo kinaweza kutoboa jicho la mtu aliyesimama mbali. Tena utulivu wa mashine hii una hatari yake. Ya petroli ikizimwa kila mtu hujua, lakini ya betri inaweza kuwa imetulia tu, tayari kuruka kisu mara mkono unapobana mpini. Ndiyo maana nyingi zina ufunguo mdogo wa usalama. Nyasi zikikwama, zima, toa ufunguo, toa betri, ndipo ugeuze mashine. Anayeingiza mkono huku betri iko ndani anacheza na vidole vyake.

Watoto wawe ndani ya nyumba wakati wa kukata. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba mwenye kusukuma mashine kama hii awe ametimiza angalau miaka 12, na mimi sioni haraka hata kwa huyo wa 12. Okota mawe, mifupa ya mbwa na vipande vya mabati kwanza. Anayekata avae viatu vizito vya kufunika vidole, suruali ndefu na miwani ya kukinga macho. Kila wiki tunaona mitaani vijana wakikata nyasi kwa patipati. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga, wala haisemi kwamba kibarua wa siku moja ana vidole vya bure. Miwani na viatu hugharimu kiasi kidogo tu cha bei ya mashine uliyoitoa bila kunung'unika.

Betri yenyewe ni ya lithiamu, na lithiamu haipendi joto. Usiiache kwenye buti ya gari wala stoo ya mabati adhuhuri, hasa wewe wa Mombasa. Ichaji kwa chaja yake, mahali unapoiona, mbali na godoro na mbali na mlango mtakaoutumia kukimbilia nje. Iliyovimba, iliyopasuka au iliyoloa isichajiwe tena hata kama fundi wa mtaani anaapa kwamba ataifufua. Usiitupe kwenye pipa la taka pia, maana ikipondwa ndani ya lori huweza kuwaka. Waulize waliokuuzia kama huzipokea zilizokufa, au uipeleke kwa wanaochakata taka za kielektroniki, kama WEEE Centre jijini Nairobi.

Siku ya kununua usiende peke yako. Nenda na yule atakayeisukuma, na umlipe nauli na muda wake. Mwache aushike mpini aone kama unamfikia kiunoni au utamfanya atembee ameinama, kwani wengi hutengenezewa watu wa kimo fulani na si yote inayorekebika. Ainue mashine aone uzito wake. Kisha mwambie muuzaji aweke betri na kuiwasha hapo nje, aachie mpini, nanyi mhesabu pamoja: kisu kinatakiwa kisimame ndani ya sekunde tatu, kipimo ambacho Marekani imekitumia tangu mwaka 1982. Kikiendelea kuzunguka mkifika tano, mrudishie mashine yake.